Kutengeneza thimu yako ya WordPress: kipi kinakaa ndani ya thimu na kipi hakikai

Saa nne usiku napigiwa simu na dada mmoja ana kampuni ndogo ya utalii kule Arusha, anaongea haraka haraka, "Kaka safari zangu zote zimepotea, naingia ndani sizioni, hata ile menyu ya Safari pembeni haipo tena." Namuuliza umegusa nini, anasema sijagusa kitu, nimebadilisha thimu tu, ile ya zamani ilikuwa nzito nikanunua nyingine nikaiwasha. Safari 46 alizoandika kwa miaka miwili, na bei zake na ratiba ya siku ya kwanza mpaka ya saba, hazionekani popote, na peji ya mbele palipokuwa na picha za tembo zinazopita sasa kuna maandishi ya ajabu ndani ya mabano ya mraba.

Nilimwambia alale, hakijapotea kitu. Na kweli havikupotea. Ila kuelewa kwa nini vilionekana vimepotea ndo kuelewa thimu yenyewe ni nini, na naona watu wengi wanaojifunza kutengeneza thimu wanaanza na rangi na fonti na hawafiki kwenye hili kabisa, mpaka siku mteja analia kwenye simu.

Tuanze chini kabisa. Tovuti ya WordPress ina vitu vitatu vinavyokaa sehemu tofauti. Kuna databesi, humo ndo yamo maneno yote uliyoandika, posti, peji, maoni, majina ya watumiaji, mipangilio. Kuna WordPress yenyewe, yaani ile programu inayochukua maneno kutoka kwenye databesi. Afu kuna thimu, ambayo ni folda tu ya mafaili inayokaa ndani ya wp-content/themes, kazi yake ni kusema maneno hayo yavae nini yakitoka mbele za watu. Wengine huita mandhari, sawa pia, ila mtaani wote tunasema thimu. Pembeni ya hivyo vitatu kuna pulagini, hizi zinaongeza uwezo, fomu, malipo, duka na kadhalika.

Mwanzoni haikuwa hivi. WordPress ilianza 2003, Matt Mullenweg na Mike Little waliichukua programu ya zamani iliyoitwa b2 wakaiendeleza, na miaka ile ya mwanzo kubadili muonekano ilikuwa unaingia kwenye mafaili ya programu yenyewe unakata unabandika. Toleo la 1.5 la mwaka 2005 ndo lilileta mfumo wa thimu, kwamba muonekano unakaa kwenye folda yake unaweza kuitoa ukaweka nyingine bila kugusa maneno. Hiyo ahadi, kutoa na kuweka bila kupoteza, ndo roho ya kitu chote, na kila kosa kubwa nililowahi kuliona kwenye thimu ni mtu kaivunja hiyo ahadi bila kujua.

Sasa thimu ndogo kabisa inayokubalika ni mafaili mawili tu, style.css na index.php. Ile style.css juu kabisa unaandika jina la thimu kwenye maelezo, WordPress inasoma hapo ndo inakuonyesha kwenye dashibodi, yaani ile sehemu ya ndani unapoendeshea tovuti. Index.php ndo inayochora, imeandikwa kwa PHP, lugha ya programu ambayo WordPress inaitumia. Mawili tu, imeisha, una thimu, mbaya lakini inafanya kazi. Mafaili mengine yote unayoyaona kwenye thimu za watu, single.php, page.php, archive.php, 404.php, yapo kwa sababu moja, na hii ndo sehemu inayowachanganya watu kuliko zote kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Mtu akifungua linki kwenye tovuti yako, WordPress kwanza inajiuliza huyu anataka nini, posti moja, peji, orodha ya kategoria, matokeo ya kutafuta? Ikishajua inaanza kubisha hodi kwenye mafaili ya thimu yako, nyumba kwa nyumba, ikianza na nyumba inayohusika zaidi. Tuseme ni kategoria yenye jina la linki "habari". Inabisha category-habari.php, hamna mtu. Inabisha category yenye namba ya kategoria hiyo, kimya. Inabisha category.php, kimya, archive.php, kimya, inafika index.php, na hiyo lazima iwepo, ndo nyumba ya mwisho ambayo mlango uko wazi siku zote. Faili ya kwanza itakayoitika ndo inachora peji, hizo nyingine hazisomwi.

Ukishaiona hivyo mambo mengi yanajifungua. Unataka peji ya Mawasiliano iwe tofauti na peji nyingine? Huhitaji pulagini wala masharti marefu ndani ya kodi (maandishi ya programu), tengeneza page-mawasiliano.php basi, itabishiwa kabla ya page.php. Ila kuna nyumba moja imepewa jina linalopotosha, home.php. Mtu yeyote akisikia hilo jina anadhani ni peji ya mbele ya tovuti, sio. Home.php ni ya orodha ya posti zako za karibuni, popote ulipoiweka. Peji ya mbele ni front-page.php. Nimepoteza jioni nzima zamani nabadilisha home.php na peji ya mbele imekaa vile vile kwa sababu mteja alikuwa ameweka peji maalum iwe ya mbele, kwa hiyo faili yangu ilikuwa inachora peji ya blogu ambayo sikuwa hata nimeifungua.

Ndani ya faili yenyewe kuna kitu wanaita luupu, mzunguko. WordPress imeshakuletea posti mezani kabla faili haijaanza kusomwa, luupu inasema kama bado kuna posti chukua inayofuata, andika kichwa chake, andika maneno yake, rudia. Kwenye peji ya posti moja inazunguka mara moja, kwenye orodha inazunguka mara kumi au ulivyopanga, kodi ni ile ile.

Na kuna mistari miwili ambayo ukiisahau utatafuta ubaya mpaka asubuhi, wp_head() inayokaa kabla ya kufunga sehemu ya kichwa na wp_footer() inayokaa chini kabla ya kufunga mwili wa peji. Zinaonekana hazifanyi kitu, kumbe hapo ndo pulagini zote zinapopitishia vitu vyao, mitindo, skripti, hata ule upau mweusi wa juu ukiwa umeingia kama admini. Thimu ikikosa hiyo ya chini, fomu ya mawasiliano inakuwa haitumi, slaidi hazisogei, na mtu anailaumu pulagini wakati thimu ndo imeziba njia.

Hizo njia ni mfano mdogo tu wa kitu kikubwa, ndoano. WordPress inapofanya kazi yake inafika vituo vingi sana na kila kituo inauliza kuna mtu ana jambo hapa? Wewe unaning'iniza kazi yako (function, kipande cha kodi chenye jina lake) kwenye ndoano ya kituo hicho. Thimu inaning'iniza kupitia faili ya functions.php, mfano kwenye ndoano ya wp_enqueue_scripts unaweka mafaili yako ya mitindo yapakiwe, kwenye after_setup_theme unatangaza thimu yangu inakubali picha ya posti, inakubali menyu mbili. Usipotangaza hiyo ya picha basi lile boksi la kuchagua picha kuu ya posti halitokei kabisa kwenye dashibodi, na mteja atakwambia WordPress yake mbovu.

Functions.php ina nguvu kama pulagini, inaweza kufanya chochote, na hapo ndo mtego ulipo. Turudi Arusha.

Yule aliyetengeneza ile thimu ya kwanza ya dada alitaka kumrahisishia, akataka asiandike safari kama posti za kawaida, awe na sehemu yake inayoitwa Safari yenye bei na siku na picha zake. Wazo zuri kabisa. Alitumia register_post_type, kazi ya WordPress ya kusajili aina mpya ya maudhui, ila akaiweka ndani ya functions.php ya thimu. Sasa thimu ikizimwa, functions.php yake haisomwi tena, aina ya "safari" haijasajiliwa, na WordPress inafanya kama haijawahi kusikia neno hilo. Menyu ya pembeni inaondoka, linki zote zinaleta 404, yaani peji haipatikani. Ila kwenye databesi, kwenye jedwali la wp_posts, mistari 46 ipo vile vile na aina yake imeandikwa safari, na bei ziko wp_postmeta hazijaguswa. Na yale maandishi ya mabano ya mraba peji ya mbele ni shotikodi, amri fupi ambazo thimu ya zamani ilikuwa inazitafsiri kuwa slaidi, mtafsiri kaondoka zimebaki zenyewe uchi.

Dawa ilikuwa kuichukua ile kodi ya kusajili, kama mistari 20 hivi, kuiweka kwenye pulagini ndogo yenye faili moja. Nikaiwasha, safari zikarudi zote kwenye dashibodi. Linki zikawa bado zinaleta 404, hii nayo inawatoa watu jasho, WordPress inatunza orodha ya mifumo ya linki na haiiandiki upya yenyewe kila ukisajili aina mpya, unaenda kwenye mipangilio ya linki za kudumu unabonyeza kuhifadhi bila kubadili chochote, inajipanga. Ile bei niliyoizoea ya safari ya Ngorongoro ikatokea kwenye skrini, dada akashusha pumzi mpaka nikasikia kwenye simu.

Kwa hiyo mpaka naouweka mimi ni huu. Swali langu kila nikiandika kodi: thimu ikibadilishwa kesho, hiki mteja atakitaka bado? Safari, bei, fomu ya kuweka nafasi, namba ya ufuatiliaji wa wageni wa tovuti, anazitaka, ziende pulagini. Kadi za safari ziwe mbili kwa mstari au tatu, rangi ya kitufe, kichwa kiwe juu ya picha au chini, hizo ni za thimu, na thimu mpya itakuja na zake. Single-safari.php na archive-safari.php zinakaa kwenye thimu kwa sababu ni namna ya kuonyesha, ila kusajili safari yenyewe sio kazi ya thimu.

Kuna watu hawataki kuanza sifuri, wanachukua thimu ya mtu wanabadilisha, na hiyo ni njia halali kabisa maana WordPress iko chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu mtu kutumia na kubadilisha kodi, ila usiguse mafaili ya thimu hiyo moja kwa moja. Apdeti ikija inafuta folda nzima inaweka mpya na kazi yako ya wiki mbili imeenda nayo. Unatengeneza thimu mtoto, folda yako mwenyewe, kwenye style.css yake unaandika mstari wa Template wenye jina la folda ya thimu mzazi. Kuanzia hapo kila hodi inabishwa kwa mtoto kwanza, asipokuwepo ndo kwa mzazi. Ukitaka kubadili single.php unaikopi kwa mtoto unairekebisha, ya mzazi inakaa pembeni. Lakini functions.php haifuati utaratibu huo! Zinasomwa zote mbili, ya mtoto kwanza kisha ya mzazi. Ukiikopi functions.php ya mzazi nzima nzima kwa mtoto kama ulivyofanya na single.php, kila kazi inakuwa imetangazwa mara mbili na tovuti inaanguka hapo hapo. Tangu toleo la 5.2 la 2019 angalau WordPress inakutumia baruapepe yenye linki ya kuingilia urekebishe, zamani ilikuwa skrini nyeupe na kimya.

Yote niliyosema mpaka hapa ni thimu za kawaida za PHP. Tangu toleo la 5.9, Januari 2022, kuna thimu za bloku, yaani tovuti inapangwa kwa vipande vipande, na hapa hata mafundi wa siku nyingi wanayumba. Templeti sio PHP tena, ni mafaili ya HTML ndani ya folda ya templates, hodi zinabishwa kwa utaratibu ule ule ila anayetafutwa ni single.html badala ya single.php. Rangi, fonti, nafasi, upana, vyote vinahamia kwenye faili moja, theme.json. Unaandika humo rangi zako tano na majina yake, mhariri, yaani ile skrini ya kuandikia, anazionyesha kwa mteja anapoandika posti, na anaweza kuchagua hizo, na ukitaka kumfungia asichague nyingine zaidi ya hizo unafunga humo humo. Kwa kweli naipenda hii, maana nimeona tovuti nyingi nzuri zikiharibika ndani ya miezi mitatu kwa sababu kila mfanyakazi wa ofisi anachagua kijani chake.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukijue kabla hujaanza. Kwenye thimu ya bloku mteja anaweza kuingia kwenye mhariri wa tovuti akasogeza sehemu ya juu, akahifadhi. Alichohifadhi hakiendi kwenye faili yako, kinaenda kwenye databesi, na cha databesi ndo kinashinda. Wewe unakuja wiki ijayo unarekebisha header.html, unapandisha kwenye seva, unafungua brauza, hamna mabadiliko, unasafisha kumbukumbu ya brauza, hamna, unaanza kuwalaumu watu wa hosti. Ingia kwenye mhariri wa tovuti, tafuta sehemu hiyo, irudishe kwenye hali ya mwanzo, faili yako itaonekana, ila kumbuka umefuta na kazi ya mteja, kwa hiyo muulize kwanza.

Wa Joomla na Drupal, programu nyingine za kutengenezea tovuti, msijisikie mmeachwa. Joomla, ambayo jina lake ni neno letu jumla limeandikwa Kiingereza, tangu 2005, wao wanaita templeti, na ukitaka kubadili muonekano wa komponenti (sehemu ya Joomla inayoleta maudhui) unakopi faili yake kwenye folda ya html ndani ya templeti yako, nayo inasomwa kabla ya ile ya asili. Drupal kuanzia toleo la 8 wanatumia Twig, lugha ya kuandikia templeti, faili inaitwa node--article.html.twig ukitaka makala tu ivae tofauti. Majina yamebadilika ila ni hodi zile zile.

Sasa kuhusu dizaini yenyewe, kuna mambo ambayo thimu za kununua haziyajui kwa sababu waliozichora hawaandiki Kiswahili. Maneno yetu ni marefu. Menyu iliyochorwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza inapendeza, weka "Mawasiliano" na "Kuhusu Sisi" na "Huduma Zetu" inavunjika mistari miwili. Kichwa cha habari chenye "wafanyabiashara" kwa herufi kubwa kwenye simu ndogo kinatoka nje ya skrini peji nzima inaanza kuyumba kulia kushoto. Chora na maneno halisi tangu siku ya kwanza, na weka overflow-wrap kwenye vichwa vyako, amri ya CSS inayoruhusu neno refu likatwe. Kwenye kodi usiandike maneno moja kwa moja, yapitishe kwenye kazi za tafsiri, na yale yenye hesabu tumia _n(), maana mtu akiona "Wageni 1" anajua hiyo tovuti haikufikiriwa kwa lugha yake, inatakiwa mgeni 1, wageni 4, oni 1, maoni 5.

Picha ndo zinakula bando la watu. WordPress tangu 2015 inampa kila simu ukubwa wa picha unaoifaa, na tangu 2019 picha inayozidi pikseli 2560 inapunguzwa yenyewe, lakini hayo yote yanakufaa ukiita picha kwa the_post_thumbnail() au kazi nyingine za WordPress. Ukiandika anuani ya picha kwa mkono kama picha ya nyuma kwenye CSS, mtu wa Songea anashusha ile kubwa nzima kwenye skrini ya inchi tano.

Na tafadhali, zile thimu za kulipia zilizokrakiwa zinazotumwa kwenye magrupu, usiziweke kwenye tovuti ya mtu. Nimefungua functions.php za namna hiyo nikakuta mstari mrefu wa herufi zisizosomeka umefungwa ndani ya eval na base64_decode, huo ni mlango wa mtu mwingine kuingia. Na kwenye thimu yako mwenyewe, chochote kinachotoka kwenye databesi kipitishe esc_html() au esc_url(), kazi zinazokisafisha kisibebe kodi ya hatari, kabla hujakiandika kwenye peji, hata kama kilichoandikwa ni jina la mteja tu.

Kama unaanza leo, weka XAMPP kwenye laptop, programu ya kuendesha tovuti hapo hapo bila seva ya nje, washa WP_DEBUG ili makosa yaonekane, tengeneza yale mafaili mawili, na usiongeze la tatu mpaka uone kwa macho yako linahitajika. Na siku umemaliza, kabla hujapandisha kwenye seva, zima thimu yako huko huko kwenye laptop uwashe Twenty Twenty-Five au yoyote inayokuja na WordPress, zunguka kwenye tovuti na kwenye dashibodi. Itakuwa mbaya, hiyo ni sawa. Angalia tu kama kuna maneno, bei, au fomu ambayo haipo tena, andika kwenye karatasi, rudi kwenye functions.php uitafute, uihamishie kwenye pulagini, uzime tena ujaribu.